Mtafiti wa chuo kikuu: aingie mapema au apime mwishoni?

Kampuni inayounda programu ya kufundisha watoto kusoma imwite mtafiti lini? Akiingia mapema, kosa hurekebishwa likiwa bado mchoro: kitufe kidogo mno kwa kidole cha mtoto wa miaka 5, au sauti inayotamka silabi visivyo. Ila kampuni itamlipa miezi mingi, na matokeo yake yatatiliwa shaka, maana anapima kazi aliyoshiriki kuitengeneza.

Mpimaji wa nje huaminika zaidi. Shindano la Global Learning XPRIZE lilijaribu programu tano za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu mkoani Tanga kwa miezi 15, watoto wakipimwa mwanzo na mwisho. Kasoro ikigundulika hapo, umechelewa.

Kibali cha maadili, yaani ruhusa ya kufanya utafiti na watoto, unakihitaji kwa vyovyote, nacho huchukua muda.

Bidhaa bado changa? Mwite mapema. Unaiuzia wizara? Tafuta wa nje, na mkataba umruhusu kuchapisha hata matokeo mabaya.