Kompyuta ya picha za familia nyumbani: nunua hii kwanza

Tangu Juni 1, 2021, Google Photos ilipoacha kupokea picha bila kikomo, aliyejaza GB 15 za bure ama anafuta ama analipia. Njia nyingine ni kompyuta ndogo inayokaa karibu na ruta sebuleni, ikiendesha Immich: programu ya bure, simu zinapandisha picha zenyewe, na inatambua sura za watu. Immich inataka RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) isiyopungua GB 6, na 8 ndiyo raha.

1. Kompyuta ndogo ya ofisini, ya mtumba

ThinkCentre Tiny, EliteDesk Mini au OptiPlex Micro. Ukubwa wake ni wa kitabu kinene. Soma jina la prosesa: kwenye i5-8500T, hiyo 8 ndiyo kizazi. Chukua cha 7 kwenda juu, maana video za HEVC za biti 10 (mtindo wa kubana video) zinazorekodiwa na simu za siku hizi hazikipi shida. RAM zake ni za laptop, kwa hiyo fundi yeyote anakubadilishia.

Kabla hujatoa hela, iwashe na uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows. Niliwahi kuuziwa moja yenye nenosiri la ofisi ilikotoka, muuzaji akaniambia, "Hiyo itafunguka tu, kaka." Haikufunguka. Ukiwa humohumo BIOS, tafuta mpangilio wa kompyuta kujiwasha umeme unaporudi. Bila huo, umeme ukikatika uko safarini, picha zote zinakusubiri urudi ubonyeze kitufe. Na usiondoke bila adapta yake, kwani ya laptop yako huenda isiingie.

Ikitulia inakula wati 10 hivi, yaani uniti 7 na kidogo kwa mwezi.

2. Laptop iliyolala kabatini

Kama unayo tayari, anza nayo leo, usinunue kitu. Betri yake inakuokoa umeme ukikatika. Ukinunua, ulizia yenye kioo kilichopasuka; bei inashuka na kioo huna kazi nacho. Ila kagua betri kila baada ya muda. Ikianza kuvimba, itoe.

3. Kompyuta mpya yenye Intel N100

Prosesa ya 2023, kori 4, wati 6. Haili umeme wala haipigi kelele. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya bei, na kwa sababu nyingi huja na SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya kampuni usiyowahi kuisikia.

4. Raspberry Pi 5

Naipenda, lakini si kwa kazi hii. Piga hesabu: yenyewe, adapta ya wati 27, feni, kava, na kibao cha kuunganishia SSD. Ukimaliza kujumlisha umeshaifikia namba 1. Ukiamua kubana matumizi kwa kutumia kadi ya microSD, ujue hifadhidata, yaani kumbukumbu za Immich kuhusu picha zako, inaandika humo mchana kutwa. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi inaweza kuharibika.

5. NAS ya dukani

NAS ni kisanduku cha diski kinachochomekwa kwenye ruta. Mfano, Synology DS223j ina RAM ya GB 1, kwa hiyo Immich isahau. Utatumia programu ya Synology yenyewe. Inamfaa asiyetaka kugusa chochote.

Hela iliyobaki nunua diski mbili, moja ya ndani na moja ya nje. Nakala ichukue hifadhidata pia, si mafaili ya picha peke yake: albamu na majina ya sura vimo humo, na ukivikosa utaanza kuzipanga picha upya moja moja. Ile ya nje usiiweke juu ya kompyuta hiyohiyo, mwizi atabeba zote. Yangu inakaa kwa dada. Nikienda kumsalimia Jumapili naichukua, naisasisha usiku, na Jumapili inayofuata inarudi.