Shule inayosomesha dini kwa kibaba na gorogoro

Mwanangu wa kwanza ana mwaka wa tatu sasa katika shule ndogo ya Kiislamu hapa Mombasa, mojawapo ya zile zinazochanganya masomo ya serikali na ya chuo cha Qurani. Ni nyumba ya ghorofa moja iliyogeuzwa kuwa shule: madarasa saba, uwa mmoja wenye mwarobaini, watoto wasiofika mia mbili. Jina silitaji, maana nina malalamiko pia na wenyewe ni watu wa mtaani kwetu. Lakini najua wazazi wengi wanatafuta shule za namna hii kabla ya Januari, kwa hiyo naeleza niliyoyaona.

Alikotoka mwanangu, alikuwa amehifadhi karibu nusu ya Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Qurani, kwa kuogopa bakora. Bakora shuleni zimepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 2001, lakini chuo kile hakikuwa na habari hiyo. Sura alizijua kweli. Pamoja nazo alijifunza kuficha: kuficha daftari, kuficha kwamba hakwenda, kuniambia "nimesoma" na huku macho yako chini. Ilinitia uchungu kwamba uongo wake wa kwanza aliusomea mahali pa Qurani. Ndipo nilipoanza kuzunguka.

Hii ya sasa nilivutwa na jambo moja. Siku niliyokwenda kuuliza karo ilikuwa karibu na Adhuhuri, watoto wamepanga foleni kwenye tangi, kila mmoja na kopo lake la plastiki, yote ya saizi moja. Nikadhani ni uchumi wa maji tu. Sote tunajua mifereji ya Mombasa na bei ya mkebe mikokoteni inapoadimika. Ustadh akanieleza kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kawaida vilivyokutanishwa, na mudi nne ndizo pishi. Yaani mudi ndiyo kibaba chetu. Kwa hiyo kopo lile ni kibaba cha udhu. Watoto wapya, alisema, maji huwaishia kabla hawajafika miguuni, na hawaongezwi papo hapo: wanamtazama mwenzao anavyofanya, ndipo wanajaziwa tena. Baada ya wiki moja yanawatosha na kubaki.

Mwanangu alipoanza, hakupita mwezi kabla hajaanza kumfungia dada yake mfereji nyumbani.

Kibaba kile kile kinarudi mwezi wa Ramadhani. Gredi ya nne wanapewa hesabu ya fitri, ile zaka ya chakula ya kumalizia mfungo: nyumbani mko wangapi, kila mtu pishi moja, zidisha. Sisi ni watano, kwa hiyo pishi tano, vibaba ishirini, kama kilo kumi na mbili na nusu za mchele. Watoto wanapima wenyewe juu ya mkeka, wanafunga, halafu siku mbili kabla ya Idi wanapeleka kwenye nyumba walizoelekezwa wakifuatana na walimu. Simu haziruhusiwi. Hakuna picha. Mwaka wa kwanza mzazi mmoja alitaka kumpiga mwanawe picha akimkabidhi mama mjane mfuko, mwalimu mkuu akamzuia kwa upole, akamsomea aya ya sadaka inayobatilika kwa masimbulizi na maudhi. Mimi nimeona kwingine nyuso za wajane zikisambazwa kwenye simu pamoja na mifuko ya unga, na kila nikiziona hulikumbuka lile katazo.

Mwalimu mkuu ni mama wa makamo aliyeanzia kazi katika chekechea za mradi wa Madrasa, ule wa Wakfu wa Aga Khan uliozaliwa hapa hapa Mombasa miaka ya 1980, na nadhani mkono wake ndio unaoonekana. Kule walizoeshwa kufundisha kwa vitu vinavyopatikana: vifuu vya nazi, vizibo vya soda, makopo. Naye amekwenda hatua moja mbele, amevitia vitu hivyo katika somo la dini. Hapa mtoto haambiwi tu kwamba uaminifu ni mzuri. Anawekewa mizani mbele yake.

Na mizani hiyo ndiyo iliyotufikia sisi nyumbani.

Mume wangu anauza nafaka katika soko la Kongowea: maharagwe, pojo, mahindi, mbaazi. Muhula wa pili mwaka jana darasa la mwanangu lilikuwa kwenye Suratul Mutaffifin, sura inayowaapiza wapunjao, wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kijae na wakiwapimia wengine hupunguza. Ustadh alikuja darasani na gorogoro mbili, yale makopo ya kupimia nafaka sokoni, na mfuko wa mahindi. Gorogoro moja nzima, nyingine kitako chake kimebonyezwa kwenda ndani. Kwa juu huoni tofauti. Watoto wakajaza zote mbili, wakapiga mfuto kwa rula, wakazimwaga kwenye mizani kwa zamu, wakaandika daftarini. Ile iliyobonyea ilipungua karibu robo kilo. Kisha wakaulizwa: mteja akinunua hii kila siku kwa mwezi mzima, ameibiwa mahindi ya siku ngapi? Hesabu na Qurani kwa pamoja, katika kipindi kimoja.

Jumamosi akaenda sokoni na babake kama kawaida, na mimi nilikuwapo. Akainua gorogoro ya kwetu, akaigeuza.

"Baba, hii mbona imebonyea?"

"Ilianguka."

Haikuanguka. Tuliinunua ikiwa hivyo, na siku inanunuliwa nilikuwa nimesimama pale pale. Sokoni mtu hujiambia kwamba wote ndivyo wanavyopima na kwamba bei ya gunia haimwachii nafasi, akazoea. Mtoto hakubisha. Aliirudisha juu ya maharagwe taratibu, akakaa kwenye gunia, na siku nzima hakuomba soda.

Usiku ule mume wangu hakusema kitu, wala mimi. Siku ya tatu nikakuta gorogoro mpya mezani, ile ya zamani sikuiona tena. Aliongeza shilingi kumi kwa kila kipimo ili asipate hasara, na wateja kadhaa wakatuhama kwa jirani kwa sababu bei yetu ilionekana kubwa. Wengine walirudi baadaye, wengine hawajarudi hadi leo. Nayasema haya waziwazi kwa sababu mzazi anayepeleka mtoto shule ya aina hii hufikiri anayekwenda kufunzwa ni mtoto peke yake.

Sasa lawama.

Kwenye nyumba tunayopanga, mlango wa pili anakaa mama Mkamba, Mkristo, mtu wa kanisa kwelikweli. Idi tunampelekea biriani, Krismasi anatuletea chapati na muthokoi. Desemba ile mwanangu alirudisha sahani. Mbele ya jirani yangu akasema, "Ustadh amesema chakula cha Wakristo tusile." Sijui hata nilikopata maneno ya kumwomba radhi yule mama. Yeye alinitikisia kichwa tu, akarudi kwake na chapati zake.

Shule ilipofunguliwa nilikuwa mlangoni kabla ya kengele. Mwalimu mkuu alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akamwita ustadh, kijana aliyekuwa na miezi michache tu kazini, akamwomba afungue Suratul Maida aya ya tano. Akasoma mwenyewe, kwa sauti: chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwenu, na chakula chenu ni halali kwao. Akamwambia asome na Mumtahana aya ya nane, kuhusu kuwatendea wema na uadilifu wasiowapiga vita. Akamuuliza masahaba wa kwanza waliohama Makka walikimbilia kwa nani. Kijana akajibu, "Kwa Najashi, Habasha." Na Najashi wakati ule alikuwa mfalme wa dini gani? Hakuhitaji kujibu: alikuwa Mkristo. Aligeuka kwangu akasema, "Nimekosea, mama. Nisamehe."

Nilidhani yataishia ofisini. Lakini siku iliyofuata alisimama mbele ya darasa zima akawaambia watoto kwamba alichowafundisha hakikuwa sawa, akawasomea aya zile. Mwanangu alirudi nyumbani ameshangaa. Si kwa ajili ya chapati. Alishangaa kwamba ustadh anaweza kukosea na akasema. Jioni nikampa sahani ya viazi karai, akaenda kubisha mlango wa pili mwenyewe, na alichomwambia jirani yangu hawakunieleza, si yeye wala mwanangu.

Bado nasema lilikuwa kosa la shule. Mwalimu wa dini anaingia darasani na mamlaka makubwa kuliko ya mwalimu wa hesabu, na hakuna aliyekaa nyuma ya darasa kumsikiliza miezi ile yote. Ukienda kutazama shule kama hii, uliza ni nani humsikiliza ustadh mpya, na kwa muda gani. Sasa hapa mwalimu mkuu anaingia vipindi vyao kila wiki, nimemwona.

Kosa jingine halijanitoka moyoni. Muhula wa kwanza mwaka huu mwalimu wa kuhifadhisha Qurani aliacha kazi ghafla, na wiki tatu nzima watoto walikaa wakirudiarudia sura walizozijua tayari. Sisi wazazi hatukuambiwa. Nililijua kwa mtoto. Shule inayosomesha amana kwa kopo na mizani ilipaswa kutuandikia mistari miwili kwenye daftari la mawasiliano. Nililisema hili katika kikao cha wazazi, na nalirudia hapa.

Mengine kwa ufupi. Karo ni shilingi 16,500 kwa muhula, chakula na tuktuk mbali. Inapokelewa kwa awamu, na mwanangu hajawahi kurudishwa nyumbani kwa deni, ingawa mwaka jana tulichelewa sana. Kiingereza na hesabu wako vizuri. Kompyuta ni mbili kwa shule nzima. Uwa hautoshi mpira, kwa hiyo wanakwenda kiwanja cha mtaa mara moja kwa wiki, tena jua likiwa kali. Mtaala wa serikali wa CBC unataka maadili yaonekane katika kila somo, na hapo walimu wa hapa hawapati taabu, ni kazi waliyokuwa wakiifanya. Ubishi wa elimu ya dunia na ya akhera ni wa zamani katika mji huu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanazuoni wa hapa Mombasa, aliuandikia katika gazeti lake la Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu waamke kielimu. Bado kuna wazazi wanaoniuliza kama mtoto hapotezi muda wa sayansi. Yule mtoto wa mahindi na mizani anafanya sayansi na hesabu vizuri kuliko mimi nilivyofanya umri wake.

Shida kubwa iliyobaki ni kwamba shule inaishia gredi ya sita. Hawana nafasi wala maabara ya kuendelea, na mwakani mwanangu ndiyo mwaka wake wa mwisho pale. Nimeshaanza kuzunguka tena. Wiki iliyopita nilikwenda shule mbili. Ya kwanza walinionyesha basi jipya na picha za waliofaulu, nilipouliza watoto wanatawadhia wapi wakatazamana. Ya pili karani alitoka nyuma ya meza, akanipeleka hadi kwenye tangi, akaniokotea kopo lililokuwa chini nilione. Lilikuwa limepasuka. Nikamuuliza linabeba kiasi gani, akasema hajawahi kupima.