Buti za Kupandia Kilimanjaro: Tazama Soli ya Kati Kabla ya Jina

Malalamiko ninayopokea zaidi kutoka kwa wasomaji wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro hayahusu baridi wala kuumwa kichwa. Yanahusu soli. Mtu amenunua buti ya mtumba, jina kubwa, ngozi safi, meno ya soli hayajalika hata kidogo. Siku ya nne soli nzima inabanduka na kubaki kwenye mawe. Dada mmoja yake ilibanduka akishuka kutoka Stella Point, mita 5,756, kwenye ile changarawe inayoteleza, na mwongozaji ikabidi amfunge mguu kwa kamba ya hema mpaka kambi ya Barafu. Aliporudi mjini, muuzaji akamwambia kwamba alikanyaga vibaya.

Hakukanyaga vibaya. Aliuziwa buti iliyokwisha kufa.

Ndiyo maana mwongozo huu hautagusa uzito, rangi, wala kama kiatu kinazuia maji. Hayo kila muuzaji atakuimbia. Nataka tuzungumzie kitu kilichofichika kati ya ngozi ya juu na mpira wa chini: soli ya kati, ule unene unaobeba kishindo cha mguu. Katika buti nyingi nzito za Ulaya, soli hiyo hutengenezwa kwa poliyurethani. Ni nzuri sana ikiwa changa. Haibonyei haraka, na inaubeba mguu vizuri ukiwa na mzigo mgongoni. Lakini unyevu wa hewa huingia ndani yake polepole na kuvunja viungo vya kemikali vinavyoishikilia, na joto huharakisha kazi hiyo. Baada ya miaka, mara nyingi kati ya 5 na 10, inapasuka nyufa ndogondogo, inalainika, kisha inakatika kama biskuti iliyolowa chai. Mpira wa chini unabaki mzima kabisa, ila hauna tena cha kushikilia.

Sasa sikiliza jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Buti inayovaliwa mara kwa mara huishi muda mrefu kuliko iliyowekwa kabatini, kwa sababu kila hatua huibana soli na kuisukuma hewa yenye unyevu itoke. Kwa hiyo ile buti ambayo muuzaji anakuinulia kwa fahari, "Dada, hii haijavaliwa, iangalie soli yake," ndiyo ya kuogopa kuliko zote. Imekaa miaka mingi katika kabati la mtu Ulaya au Marekani, ikaja ndani ya belo, ikakaa tena bandari ya Dar es Salaam au Mombasa kwenye joto na unyevu wa pwani. Nje ni mpya, ndani ni mzee. Na anakuuzia kwa bei ya juu kwa sababu hiyo hiyo ambayo ingepaswa kuishusha.

Hili linanikera kweli. Bei ya buti za mtumba hupangwa kwa nembo iliyoshonwa kando, si kwa umri. Nimewaona wauzaji wakipaka soli ya kati kiwi nyeusi na mafuta ya kung'arisha mpaka nyufa zisionekane, kisha wanataja bei ya mtalii kwa mtu anayeongea nao Kiswahili. Maduka yanayokodisha vifaa hayana nafuu. Buti nyingi huko ni zile ambazo wageni huwaachia waongozaji na wapagazi mwisho wa safari, zikauzwa, zikakodishwa, zikakodishwa tena, na hakuna anayeandika popote ziliingia dukani mwaka gani. Mpagazi aliyenunua jozi kama hiyo kwa pesa ya posho yake ndiye anayeumia zaidi, maana yeye kazi haimruhusu kurudi chini kwa ajili ya kiatu.

Ukiwa sokoni Memorial ya Moshi, Karume ya Dar es Salaam au Gikomba ya Nairobi, fanya hivi kabla hata ya kuuliza bei. Futa soli kwa kitambaa kilicholowa maji ili kiwi itoke. Bonyeza soli ya kati kwa ukucha wa kidole gumba, hasa kisiginoni: ikiacha alama isiyorudi, ikinata, au ikitoa unga, rudisha. Ikunje buti kwa nguvu mara kadhaa pale vidole vinapokunjikia, huku ukitazama kama mstari unafunguka kati ya mpira na soli. Muuzaji akikukataza kuikunja, umeshapata jibu. Tazama pia lebo ndani ya ulimi wa kiatu, kwa sababu baadhi ya kampuni huandika hapo mwezi na mwaka wa kutengenezwa.

Usikubali pia maneno ya "fundi ataishona." Uzi wa nailoni kuzunguka soli husaidia pale gundi ilipoachia tu. Soli ya kati ikiwa imegeuka unga, sindano inapita kwenye unga na gundi inashika unga. Fundi mwenye uvumilivu anaweza kuikwangua yote na kuweka tabaka jipya, lakini hiyo ni kazi ya siku nzima, na wewe unapanda kesho.

Sasa nafasi zenyewe: buti ninazozipendekeza, kuanzia ninayoipenda zaidi.

Ya kwanza kwangu ni Salomon Quest, iwe 4D ya zamani au Quest 4, na sitajifanya sina upendeleo. Salomon ni Wafaransa wa Annecy, walioanza mwaka 1947 kwa kutengeneza kingo za chuma za skii, na theluji wanaijua. Lakini ninaipendelea kwa sababu moja kubwa: soli yake ya kati ni ya EVA, aina ya povu jepesi la plastiki. EVA haiozi kwa unyevu namna ile. Inachoka kwa kubonyea, yaani kiatu kinakuwa kigumu na kinakuchosha, lakini hakikuachi bila soli mita 5,000 juu. Uchakavu wake unauona kwa macho, mikunjo ya kando inakuambia. Shingo yake inashika kifundo bila kukikaba, na ukilegeza kamba za juu unapanda kwa raha. Ubaya wake ni kwamba ni nyembamba kidogo mbele, kwa hiyo mwenye mguu mpana apande nusu saizi.

Ya pili ni Keen Targhee yenye shingo. Matoleo yake ya II na III nayo yana EVA, na sehemu ya vidole ni pana kuliko buti nyingi nilizozivaa. Hilo lina maana kubwa siku ya kilele: ukipitia njia ya Machame au Lemosho, unashuka kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi kambi ya Mweka iliyo karibu mita 3,100, siku hiyo hiyo. Vidole vinavyogonga mbele kwa mteremko huo vitapoteza kucha. Kwa nini basi si ya kwanza? Kwa sababu kisigino changu huelea ndani yake, na pakiwa na changarawe sipendi kuelea.

Ya tatu ni Lowa Renegade, kwa sharti. Lowa ni kampuni ya Jetzendorf, Bavaria, tangu mwaka 1923, na Renegade imekuwepo tangu 1997. Kwa starehe ya siku ya kwanza inaishinda hata Salomon. Ila soli yake ya kati ni ya poliyurethani. Inunue mpya ukiwa na ndugu Ujerumani, ambako ni zaidi ya yuro 200, au mtumba ambao umri wake umethibitika. Meindl na Hanwag, kampuni nyingine za Ujerumani, wachukulie vivyo hivyo.

Merrell Moab yenye shingo, ambayo pia ni EVA, inatosha kwa siku za msituni na kwa wanaoishia kambi ya Horombo. Kwa usiku wa kilele, ni nyepesi mno.

Quechua mpya ya bei nafuu, nembo ya maduka ya Decathlon, ni bora kuliko buti ya Kijerumani ya miaka kumi na tano. Nakala za Kariakoo zenye nembo ya kubandika, achana nazo.

Kama lazima ukodishe, chukua buti siku mbili kabla, si asubuhi ya kuondoka. Panda na kushuka ngazi nazo ukiwa na soksi nene utakazotumia, kisha zigongeshe kisigino kwenye saruji na utazame sakafuni. Ukiona chembe nyeusi au za kijivu, rudisha na udai jozi nyingine au pesa yako.

Na mnaokaa pwani, msifungie buti kwenye mfuko wa nailoni baada ya safari. Zitoeni nje zipate hewa kivulini, na zivaeni hata kwenda sokoni.