Nilimpeleka Mama kuonja mvinyo, akaambiwa hajui mvinyo

Sina kawaida ya kuandika maoni kuhusu mahali nilipokwenda. Chakula kikiwa kibaya nalipa, naondoka, yameisha. Ila hili limenikaa kooni tangu siku ile, kila nikilimeza linarudi.

Ilikuwa kabla mvua hazijaanza, vumbi la Dodoma likiwa limekolea mpaka unalisikia menoni. Wifi yangu alikuja na treni ya umeme kutoka Dar. Mnawajua wageni wa Dar, akishamaliza nyama ya mnada wa Msalato anauliza, "Haya, na kingine kuna nini?" Nikasema twende tukaonje mvinyo. Kuna familia moja upande wa barabara ya Iringa, jina lao naliacha, wanalima zabibu zao, wanakamua wenyewe na kujaza chupa wenyewe, na wamejenga banda la makuti la kuonjeshea juu kabisa ya shamba, unaona bonde lote. Nikambeba na Mama. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu siku ile. Au bahati yangu, bado sijaamua.

Mama ni mkulima wa zabibu. Simaanishi ana mizabibu miwili nyuma ya choo. Ana ekari moja na nusu ya Makutupora nyekundu, aina ya zabibu za mvinyo, kwetu Mpunguzi, na ameanza kupogoa kabla mimi sijazaliwa. Kiwanda cha mvinyo cha umma kilipofungwa na majirani wakang'oa mizabibu wapande mtama na karanga, yeye hakung'oa. Msimu ambao wanunuzi hawatokei anakamua mwenyewe na kuweka kwenye simtanki. Mchuzi wa zabibu, ndivyo tunavyouita huku. Nikiwa shule ya msingi nilikuwa namwona alfajiri anafunua kile kifuniko, anainamisha kichwa, ananusa, anafunika haraka hewa isiingie. Mchuzi ukigeuka siki mnunuzi haugusi, na sisi ada hatuna. Kwa hiyo pua ya Mama ndiyo iliyonisomesha, naomba mlikumbuke hilo mnapoendelea kusoma.

Tukapokelewa na kijana wa familia, mtoto au mjukuu sikuelewa. Ndevu zimechongwa, aproni nyeusi. Kwanza alikuwa na kundi lingine, anawamwagia Kiingereza, tukasubiri tumesimama. Alipotufikia akaanza: "Karibuni sana. Hapa mlipo mko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari."

Mama akaitikia, "Haya, asante." Kama vile ameambiwa leo Jumamosi.

Nisimwonee, yule kijana alieleza vizuri. Kwamba hapa kwetu jua linachoma mchana lakini usiku, hasa ule wa Juni na Julai, baridi inashuka, na baridi hiyo ndiyo inayozuia uchachu wa zabibu usipotee wakati sukari inapanda. Kwamba kwa kuwa hatuna majira ya theluji ya kuulaza mzabibu, mkulima ndiye anayeuamsha kwa makasi, na ndiyo maana tunavuna mara mbili, mwanzoni mwa mwaka na tena Agosti, Septemba. Wifi alikuwa amefungua mdomo. Mama anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, maana ni kama kumweleza samaki habari za maji, lakini alisikiliza kwa adabu. Halafu akauliza swali moja tu: "Mwanangu, na kule Mpunguzi si ni mwinuko huu huu?" Kijana akacheka. Akasema hapana, hapa ni tofauti, hapa kuna tabia ya mwinuko.

Tabia ya mwinuko! Hayo maneno nimeyasikia siku ile mpaka nikayaota. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, mvinyo mweupe ukaja wa vuguvugu kama chai ya msibani. Wifi akaomba barafu. Akajibiwa barafu inaua tabia ya mwinuko. Nikauliza mbona glasi ina vumbi, akaipangusa na aproni huku akisema shamba liko juu, upepo ni mwingi. Nikajua hata choo kikikosa maji tutaambiwa ni mwinuko. (Kilikosa. Sikuuliza.)

Basi, ukaja mwekundu, na hapa nataka mnione pale mezani.

Akatoa chupa nyuma ya kaunta. Imebaki nusu. Kizibo kimesokomezwa kishingo upande, kina duara jeusi, na alipokichomoa hakikutoa hata sauti. Akamimina vidole viwili kwa kila mtu. Kwenye glasi ya Mama kulikuwa na nzi mdogo, wale wanaozunguka ndizi mbivu, anaogelea. Mama akamtoa na ncha ya kidole, hakumaindi, shambani anatoa wakubwa kuliko huyo. Akainua glasi, akaisogeza puani vile vile kama alfajiri zile za simtanki. Akasita. Akanusa tena. Akaiweka chini bila kuonja, akasema kwa sauti ndogo, ile ya mtu asiyetaka kumwaibisha mwenyeji, "Mwanangu, hii imeanza kugeuka."

Yule kijana hata hakumwangalia. Akanigeukia mimi.

"Dada, mwelekeze bibi. Huu siyo ule mchuzi wao wa kwenye madumu. Harufu hii ndiyo tabia ya mwinuko, asiyezoea hawezi kuijua."

Jamani. "Mwelekeze bibi." Mama amekaa hapo hapo, mkono mmoja kutoka kwake, anasikia, anajua Kiswahili kuliko yeye. Na huo "mchuzi wao" ni wa nani? Mama akaushika mwisho wa kitenge chake, akaanza kufuta kidole kile alichomtolea nzi. Akafuta, akafuta, kidole kimeshakauka zamani. Hakusema kitu. Mimi nikahisi masikio yanawaka.

Nikaonja. Siki. Siki ya kumwagia kachumbari, inakwaruza koo. Nikamuuliza chupa hii imefunguliwa lini.

"Mvinyo unatakiwa upumue, dada."

Nikamwambia huu haupumui, huu ulishakata roho, mnakaa matanga tu. Wifi akanifinya paja. Kundi la Kiingereza likageuka kututazama. Najua sikupaswa kupayuka mbele ya Mama, na Mama mwenyewe alinitazama jicho lile ambalo hata nikifika miaka sitini litaninyamazisha, lakini ningefanyaje? Kama mngeandika hukumu yangu dakika ile ingekuwa fupi: msiende, hela yenu kanunueni sukari.

Sasa hapo akatokea mzee mwenyewe. Buti za mvua, suruali imelowa mpaka magotini, ametoka kupambana na pampu. "Mbukwenyi!" Mama akaitikia, na wakaanza Kigogo chao, pole pole, habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe. Kijana akabaki anatazama meza. Sijui Mama alimwambia nini hasa maana Kigogo changu ni cha kuombea maji, ila niliona mzee anaichukua ile glasi. Akanusa mara moja tu. Akaimwaga yote chini, pale pale kwenye vumbi, akachukua na chupa akaimwaga pia, gudugudu mpaka tone la mwisho, hakumsemesha yule kijana hata neno. Akatoa funguo mfukoni. "Twendeni."

Akatupeleka kwenye jengo la nyuma. Baridi, giza kidogo, matangi ya chuma yanayong'aa, sakafu imetoka kuoshwa. Akafungua koki ya moja, akatukingia. Mvuno wa Agosti, alisema, bado mchanga, haujafika chupani.

Hapa hasira inaniharibia maelezo, maana lazima niseme ukweli. Sijawahi kunywa kitu cha namna ile kutoka ardhi yetu. Harufu ya zambarau zilizoanguka chini, mvua ya kwanza ikazinyeshea. Ukiweka mdomoni unakuja uchachu kama wa ubuyu, ule unaokufanya umumunye tena, halafu nyuma kabisa kuna ukavu unaobana fizi. Hakuna sukari iliyoongezwa kuficha aibu. Wifi, ambaye maisha yake yote anakunywa vitamu, alinyamaza. Kwa wifi hilo ni tukio.

Mama alikunywa wote. Kisha akaanza kumhoji mzee, na hayo mahojiano ndiyo ningelipia kiingilio. Unaweka salfa lini dhidi ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa mizabibu? Unaacha macho mangapi kwenye tawi ukipogoa? Mzee anajibu bila kuficha, kila kitu. Mama akauliza, "Unakata saa ngapi?" Mzee akasema saa kumi alfajiri, wote taa kichwani, jua likichomoza zabibu ziko ndani kwenye kivuli, zinakamuliwa zikiwa bado na ubaridi wa usiku.

Mama akakaa kimya muda mrefu. Baadaye akasema, kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, "Zetu zinamsubiri dalali juani mpaka saa nane."

Nikaelewa. Kreti zinapangwa kando ya barabara, nyuki wamejaa, zabibu za chini zimeshapasuka zinavuja, dalali hapokei simu, na akifika anadondoshea tone moja kwenye kile kipimo cha sukari, anakielekeza juani, anakunja uso, anashusha bei. Usiku ni ule ule na baridi ni ile ile, kwa Mama na kwa huyu mzee. Kijana angemweleza hilo Mama, badala ya kumringia urefu wa kilima, ningempa nyota tano na chenji juu.

Kwa hiyo nikalainika, nikasema basi, yaishe. Mzee akarudi kwenye pampu yake, sisi tukarudi bandani kulipa.

Kijana akaleta karatasi. Kuonja, watu watatu, sawa, tulikubaliana. Chini yake ameongeza kwa kalamu: glasi za tangi, tatu, elfu tano tano. Nikamwambia tumekaribishwa na mzee. Akasema, tena mkavu, "Hizo haziko kwenye kifurushi." Nikamwuliza na ile siki ya kwanza iko kwenye kifurushi? Akasema iko. Basi tumelipia siki, tumelipia na dawa ya kuondolea siki! Nilitaka nimfuate mzee kule kwenye pampu nimwambie. Mama akanishika mkono, "Acha, mzee wa watu atajisikia vibaya." Wifi akalipa haraka haraka tuondoke. Na bado hajaniruhusu nimrudishie, hilo nalo linaniuma kivyake.

Nilitaka nitoe nyota moja. Kisha nikakumbuka kwamba nilipokuwa naelekea kwenye gari, huku nasonya, nilirudi nikanunua chupa nne za ule mwekundu wa msimu uliopita, zilizofungwa. Tulifungua moja nyumbani usiku ule ule kwa ugali wa uwele na mlenda, chakula ambacho kwa maelezo ya kijana nadhani hakifai kabisa, na ulikuwa mvinyo mzuri, mzuri wa kuudhi. Ningependa sana uwe mbaya. Kwa hiyo tatu. Mvinyo wenyewe tano, mzee tano, yule kijana sijui kama kuna nyota za kukata.

Ukienda, usikubali chupa iliyofunguliwa kabla hujafika. Mwambie akufungulie mbele yako. Akianza habari za mwinuko muulize zabibu zilikatwa saa ngapi, na kama hajui, ulizia mzee yuko wapi.

Mimi nilikuwa nimeapa sikanyagi tena pale. Shida ni kwamba, kumbe katika kile Kigogo chao, Mama alimwahidi mzee pingili za mzabibu wake wa zamani, ule wa pembeni ya kisima ambao haujawahi kushikwa na ubwiri, na mzee akamwahidi kumwonyesha anavyopogoa. Mama ameshazikata. Ziko kwenye ndoo ya maji, zimefunikwa gunia, na kila asubuhi ananipigia kuniuliza gari langu limetoka gereji au bado. Gari halijawahi kwenda gereji. Jumamosi nitampeleka, nitapaki chini ya mbuyu pale getini, na nitabaki garini.