Uzoefu wangu: miezi nane na kontrola ya nyumba hapa Nzuguni, Dodoma

Mi naishi Nzuguni, nyumba ya vyumba vitatu, tupo watano na mama yangu mzazi yupo nasi. Wengi wakisikia nyumba janja wanawaza taa za rangi rangi na kuongea na spika, mi nilichokua nakitaka ni usingizi tu. Maji yetu ni ya mgao, yanakuja usiku, mara nyingi kati ya saa saba na saa kumi, tena kwa presha ndogo, yanaingia kwenye tangi la chini la lita 5,000 ila nguvu ya kupanda mnarani kwenye lile la lita 2,000 hayana. Sasa tangi la chini likijaa floti inafunga, maji yanapita bombani yanaenda zake na wewe juu huna kitu. Kwa hiyo lazima mtu aamke awashe pampu, apandishe juu wakati maji bado yanatoka, ili chini pazidi kupokea. Huyo mtu nilikua mimi, miaka mitatu, na saa moja na nusu asubuhi natakiwa niwe nimeshafika kazini Mtumba.

Nilianza vibaya. Nilinunua swichi tatu za waifai, unapakua apu, unajisajili kwa imeili, taa inawaka kwa simu, watoto walifurahi kweli. Shida ni kwamba zile nilizonunua mimi haziongei na simu moja kwa moja. Ukibonyeza washa, amri inatoka nyumbani inaenda kwenye seva huko nje ya nchi halafu ndo inarudi kwenye swichi ambayo iko mita mbili kutoka ulipokaa. Bando likiisha au mtandao ukiyumba huna kitu, na maji hayasubiri bando. Hapo ndo nikaanza kutafuta kontrola inayokaa ndani ya nyumba na kuamua mambo yenyewe hata intaneti isipokuwepo, nikaishia kwa Home Assistant.

Kwa asiyeijua, hii ni programu ya bure ambayo msimbo wake uko wazi, ilianza 2013, aliyeianzisha anaitwa Paulus Schoutsen, na tangu 2024 iko chini ya Open Home Foundation, taasisi isiyo ya biashara iliyoko Uswisi. Kilichonivuta mimi ni kwamba maamuzi yote yanafanyika kwenye kaboksi kangu sebuleni. Niliiweka kwenye Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, ya RAM GB 4, ikaja na basi kutoka Kariakoo, pamoja na charja yake na memori kadi ilinitoka kama laki tatu na nusu hivi, nikaongeza na kale ka USB kanakoshika mawimbi ya Zigbee, yani redio ambayo vifaa vidogo vya nyumbani vinaongelea bila waya. Inakula wati kama tano, ukipiga hesabu ya mwezi mzima haifiki uniti nne za luku.

Kuiweka kwenyewe nisiwatishe, ni rahisi. Unaandika programu kwenye memori kadi kwa kutumia kompyuta, unaunganisha Pi na ruta kwa waya wa mtandao, unaiacha ijipange, unafungua homeassistant.local:8123 kwenye simu, unaweka jina, neno la siri, mahali ulipo na majira ya saa Africa/Dar_es_Salaam. Saa nzima haikuisha nikawa nimemaliza.

Kazi ilikuja kwenye nyaya. Fundi wetu wa umeme alifungua boksi la swichi ya sebuleni akaniita, "Dada njoo uone, hii yako inadai nyutro na humu hamna nyutro, kuna laivu inashuka na nyingine inarudi juu kwenye taa, basi." Nyumba nyingi huku zimefungwa hivyo, laivu ndo inaleta umeme, na nyutro, waya wa kuurudisha, inaishia darini kwenye taa. Kwa hiyo kabla hujanunua swichi janja fungua boksi lako kwanza au nunua zile zisizohitaji nyutro. Mi nilivutiwa nyutro vyumba viwili tu, kwingine nikaacha swichi za kawaida na wala sijajuta.

Sasa pampu, na hapa naomba usome taratibu maana ndo penye hatari. Pampu yangu ni ya hosipawa moja, kwenye karatasi ni wati 750 hivi, kwa umeme wetu wa volti 230 unapata ampea tatu na kitu, nne. Rilei ndogo ya Zigbee niliyonunua ya kuiwashia, yani swichi inayowaka kwa amri, imeandikwa ampea 10, nikasema inatosha na inabaki. Sikujua kwamba mota ikianza kuzunguka inavuta umeme mara tano mpaka saba ya ule wa kawaida kwa muda mfupi, na kila ikianza, vile vidomo vya rilei vinapiga cheche. Wiki ya tatu, saa kumi usiku, nasikia maji yanapiga sementi. Nashika simu, kioo kinasema pampu imezimwa, natega sikio, pampu inanguruma. Nabonyeza washa, zima, washa, zima, hakuna kinachobadilika. Nikatoka na kitenge mbio mpaka kwenye dibii nikashusha breka. Jirani alikua ameshafika na ndoo mbili anakinga kwenye bomba la kumwagia, maana huku maji hayaachwi yaende hivi hivi. Asubuhi fundi akapasua ile rilei mezani, vidomo viwili vimeungana kama vimechomelewa, vyeusi, akavibandua kwa bisibisi.

Tulichofanya baada ya hapo ndo kilichotakiwa kufanyika toka siku ya kwanza. Tukafunga kontakta ya ampea 25, swichi kubwa inayovutwa na koili ya sumaku, ile wanayofungia mota, na rilei ya Zigbee ikabaki kazi yake ni kuwasha koili ya kontakta tu, umeme mkubwa haupiti kwake. Halafu nikaongeza kifaa cha kupima wati kwenye laini ya pampu. Hiki nakisisitiza kwa yeyote anayefunga kitu kizito, maana kioo cha simu kilikua kinanionyesha amri niliyotoa, hakijui pampu yenyewe inafanya nini. Sasa kama nimeamuru izime na baada ya sekunde kumi wati bado ziko juu ya 50, kuna king'ora kinalia ukumbini, naamka nashusha breka.

Hicho hicho cha wati kimeniokolea pampu. Yangu ikivuta maji inasoma 800 na kidogo, tangi la chini likikauka inazunguka bila mzigo inashuka chini ya 500. Nikapanga kwamba ikikaa chini ya 550 kwa sekunde 20 wakati iko kazini, izime na isiwake tena mpaka sensa ya chini iseme kuna maji. Namba zako zitakua tofauti, kaa na pampu yako siku moja uziandike.

Sensa za tangi nilitengeneza kwa bei ndogo. Nilichukua zile sensa za mlango za Zigbee, zinazotambua sumaku, fundi akachomelea nyaya mbili pale ndani ambapo sumaku inagusisha, nyaya zikaenda kwenye floti swichi ya kawaida, ile inayoelea juu ya maji. Floti ikipanda ni kama mlango umefungwa, ikishuka ni kama umefunguliwa. Mbili tangi la juu, moja tangi la chini. Kila moja iko kwenye kaboksi kasikopitisha maji, upande wa kivuli, maana jua la hapa kuanzia mwezi wa tisa si la mchezo.

Kuprogramu ndo nilikokua nakuogopa na ndo nilikokuja kupapenda. Kila otomesheni, yani agizo la kujiendesha, ina vitu vitatu, kinachoianzisha, masharti, na kinachotendeka. Yangu ya msingi inasomeka hivi: floti ya juu ikishuka na kukaa hivyo kwa dakika moja, kama tangi la chini lina maji, washa pampu. Ile dakika moja ina maana yake, bila hiyo maji yakitikisika kidogo tu floti inacheza na pampu inawaka na kuzima kama indiketa ya bodaboda. Ya pili inazima tangi likijaa. Ya tatu inazima ikifika dakika 60 hata kama hakuna sensa iliyosema kitu, na huo muda nimeuweka pia ndani ya rilei yenyewe, kwa hiyo hata Pi ikifa katikati ya kazi pampu haiendelei mpaka asubuhi.

Nyingi unaweza kuzipanga kwa kubonyeza tu bila kuandika chochote. Ila ukitaka kuandika kwenye YAML, ule mtindo wa maandishi inaousoma Home Assistant, mambo mawili yalinila usiku mzima. Moja, nafasi za mwanzo wa mstari zinahesabiwa, ukikosea moja tu inakataa, na ile kitufe cha Tab usikiguse. Mbili, neno on lazima uliweke kwenye alama za kunukuu, usipoweka inalisoma kama "ndiyo" ya kompyuta badala ya neno lenyewe, na otomesheni yako inagoma.

Mwanzoni nilipanga kwa saa, yani saa nane usiku washa. Nikaja kuona ubaya wake. Raspberry Pi 4 haina betri ya saa, umeme ukikatika saa yake inasimama, ukirudi inatafuta saa sahihi kwenye intaneti. Siku ambayo bando limeisha inaendelea kuanzia pale ilipolala, kwa hiyo saa nane yake inaweza kua alfajiri kumepambazuka. Nikaacha kabisa kuipangia pampu kwa saa, naipangia kwa maji. Floti haihitaji kujua saa ngapi. Taa za nje ndo zimebaki kwenye saa, na hizo zikikosea hakuna kinachoharibika.

Na kukatika kwa umeme kulinitesa kwa namna nyingine pia. Memori kadi ilikufa mwezi wa pili, umeme ulikatika wakati inaandika, Pi haikuwaka tena na kila kitu nilichopanga kikaenda nacho, sikua na bakapu. Nililia kidogo, kisha nikaanza upya siku mbili. Sasa natumia SSD ndogo, diski badala ya memori kadi, kwa USB, bakapu inajifanya yenyewe kila usiku na kopi inakwenda kwenye laptopu, na Pi pamoja na ruta ziko kwenye kale ka-UPS kadogo, betri ya akiba umeme ukikatika. Nilipoweka SSD, sensa za tangi zikaanza kupotea potea, kumbe matundu ya USB ya bluu yanatoa kelele kwenye mawimbi yale yale ya 2.4 GHz ambayo Zigbee inatumia. Nikaitoa ile ya Zigbee nikaiweka kwenye tundu jeusi na ekstensheni ya mita moja na nusu, waifai nikaiweka chaneli 1 na Zigbee 25, kimya mpaka leo.

Jambo lingine ni kwamba vifaa vya Zigbee vya umeme vinapokezana ujumbe, vya betri havipokezi. Sensa yangu ya tangi la juu ilikua inapitia kwenye plagi janja ya jikoni, watoto wakichomoa plagi sensa inapotea. Nikaweka rilei ya pampu iwe ndo njia, ile haichomolewi na mtu.

Kuiona nikiwa mbali kulinisumbua pia. Laini za simu kwa kawaida hazikupi anwani ya IP ya peke yako, ile namba ya kukufikia kutoka nje, kwa hiyo habari za kufungua milango kwenye ruta usipoteze muda. Mi natumia Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa siri popote ulipo, bure kwa matumizi ya nyumbani, nikiwa kwenye treni naenda Dar naona kama tangi langu limejaa. Matoleo mapya ya Home Assistant yanatoka kila mwezi, mi nasubiri wiki mbili tatu ndo naapdeti, na nafanya Jumamosi mchana tangi likiwa limejaa.

Kiukweli mwezi huu wa nane tangu nianze naipa tano kwa tano upande wa kazi inayofanya, na tatu kwa tano kwa mtu ambaye hana fundi wa umeme anayeaminika, maana hii kitu nusu yake ni kompyuta na nusu ni umeme unaoua. Jumla imenigharimu karibu laki saba na ufundi wake. Tangu mwezi wa tano sijaamka hata usiku mmoja kwa ajili ya maji, na mama ameacha kuuliza kila asubuhi "mwanangu, maji yaliingia?"

Yeye simu ya kugusa haitaki. Kwa ajili yake fundi aliweka selekta ya kugeuza ukutani nje ya jiko, nafasi tatu, mkono, zima na otomatiki, inakwenda moja kwa moja kwenye kontakta bila kupita kwa kontrola yoyote, na breka yake iko pale pale pembeni. Wiki iliyopita nilikua safarini Morogoro, kabla sijaondoka nilizima Pi nahamisha kitu nikasahau kuiwasha, tangi la juu likaisha saa sita mchana. Mama akageuza kwenda mkono, akavuta kigoda akakaa chini ya mnara na kisu na mboga zake, anachambua mchicha huku anasikiliza, bomba la juu lilipoanza kutema akainuka akazima.