Ugali wa uwele na mlenda pale Majengo, baada ya siku 42 za samaki

Wadau, mimi ni kijana wa Dodoma ila riziki yangu iko baharini, nafanya kwenye boti ya watalii kule Mafia, ile ya kulala humohumo, wageni wanane na sisi wafanyakazi sita. Nimeshuka wiki iliyopita baada ya siku 42 mfululizo, na nilipofika Dodoma hata nyumbani Chang'ombe sijagusa, begi mgongoni, nikachukua bajaji moja kwa moja mpaka soko la Majengo kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza ugali wa uwele na mlenda. Hakina jina. Kina turubai la bluu, kiko upande wanakouza ubuyu na karanga, ukiulizia kwa mama wa mlenda unaonyeshwa.

Mjue kwanza kwanini mlenda. Kule kwenye boti ni samaki. Asubuhi chapati na supu ya samaki, mchana wali wa nazi na changu, usiku kolekole wa kuchoma kama wageni wamebakiza. Mwanzoni unapiga picha unawarushia washkaji wanakuonea wivu, ikifika wiki ya tatu ukisikia harufu ya pweza unatamani kulia.

Na hizo picha ndio zinadanganya watu wanadhani tunaponda raha. Oktoba mpaka Machi ni msimu wa papa potwe pale Kilindoni, wageni wanataka kuogelea nao, kwahiyo saa kumi na moja alfajiri mimi nimeshapiga deki, nimejaza mitungi ya hewa, nimekagua mafuta ya boti ndogo, na usiku kuna zamu ya nanga, unakaa juu peke yako unaangalia taa za nchi kavu kama zimehama, maana zikihama ujue ni nyie mnaohama. Kulala ni chumba cha mbele kabisa jirani na mnyororo wa nanga, boti ikicheza mnyororo nao unaongea mpaka asubuhi. Kuoga ndoo moja, maji ya tanki ni ya wageni (hapa mtu wa Dodoma hupati shida, mgao wa maji tumezaliwa nao).

Sasa suala la off. Kampuni ya kwanza niliyofanya nayo, jina naliacha, siku ya kubadilisha wageni walikuwa wanaiandika OFF kwenye ratiba, wakati siku hiyo ndio unabeba mitungi ya gesi, barafu, katoni za maji, unabadilisha mashuka vyumba vyote, unasugua vyoo, saa kumi jioni wageni wapya hao hapo na wewe unatabasamu karibuni sana. Ninakofanya sasa wana afadhali, ila hata ukipewa off ya kweli bado uko juu ya boti ileile, nahodha akikuona umejilaza anakwambia hebu kaza hiyo kamba ya nyuma mara moja. Kwahiyo kwangu mimi off ni sehemu ambayo bahari haionekani, na kwa hilo Dodoma hatuna mpinzani.

Mwezi wa nne masika na kusi vinaingia, boti inapandishwa inasuguliwa chini na kupakwa rangi, ndio tunapumua. Kivuko mpaka Nyamisati, basi mpaka Mbagala, nikalala kwa dada, kesho yake treni ya SGR, nauli 31,000, nikapitiwa na usingizi kabla hata ya Moro.

Haya kibandani. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, umerudi, mbona umekuwa mweusi hivyo, na bila kuniuliza nataka nini akageukia sufuria akaanza kusonga. Nikakaa. Nikaona meza inayumba, inaenda inarudi, nikasema aisee bahari bado iko kichwani, kwasababu ukikaa muda mrefu majini ukishuka ardhi inacheza siku mbili tatu. Nikashika meza nitulie. Kumbe ni benchi, mguu mmoja mfupi umewekewa jiwe na jiwe limechomoka, jamaa wa pembeni anakula zake ananiangalia tu. Jamaa alikuwa na perege wa Mtera, mama akataka kunimegea kipande cha bure, nikamwambia mama hapana, nakuomba, chochote ila sio samaki. Akacheka mpaka mwiko ukamponyoka.

Chakula chenyewe sasa. Ugali wa uwele wa kijivu ule wa kwetu, mgumu kiasi, ukiubonyeza haung'ang'anii kidole, hakuna mchanga hata chembe, na aliyewahi kula uwele wa kusagwa hovyo anajua naongelea nini. Mlenda ulikuwa mbichi maana mvua ndio zinaishia, umechemshwa na magadi kidogo, nyanya chungu na karanga za kutwanga. Mlenda mzuri unavutika ila haukufuati mpaka kidevuni, unachovya, unazungusha tonge, uzi unakatika. Wa huyu mama unakatika mzunguko wa kwanza. Nilikula sahani mbili sijaongea na mtu.

Bei ni buku mbili na maharage, buku tatu ukiongeza nyama, ila nyama usitegemee sana, siku hiyo ilikuwa mifupa kuliko nyama. Sabuni ya kunawa ilikuwa imeisha, inzi wapo, chenji ya elfu kumi hana ataituma kwa mwenye karanga na utasubiri. Ukienda saa nane unakuta anaosha masufuria, nenda saa sita kasoro kabla wabeba mizigo hawajashuka.

Nampa nyota 4 kati ya 5, moja nimeikata kwa ajili ya benchi.

Ameniuzia na mlenda mkavu wa unga nusu kilo wa kurudi nao kazini. Mara ya mwisho nilipika kule jikoni, mpishi wetu Mpemba akachovya kidole, akauvuta mpaka usawa wa macho, akaniuliza hii ndio gundi mliyozibia ile boti ndogo?