Signal: meseji imefungwa, tundu liko kwenye laini

Tuanze na hukumu, maana wengi husoma mpaka hapo tu. Katika programu za kutumiana meseji ambazo mtu wa kawaida anaweza kuziweka kwenye simu na bado akawapata watu wa kuzungumza nao, hakuna inayojua machache kuhusu mtumiaji wake kama Signal. Lakini ukiiweka na kuiacha ilivyokuja, umefunga mlango ukaacha ufunguo kitasani.

Ubishi wa kwanza ni uleule siku zote: si hata WhatsApp imesimbwa? Ni kweli. Tangu 2016 WhatsApp inatumia itifaki iliyotungwa na watu wa Signal, na maneno yaliyomo hayasomeki njiani. Tofauti iko nje ya bahasha: nani kamwandikia nani, saa ngapi, kutoka wapi, wako kundi gani. Meta, mwenye WhatsApp, hukusanya mengi ya hayo. Signal imejengwa isiwe nayo kabisa. Mwaka 2016 ilipokea amri ya kisheria kutoka Virginia, Marekani, ikidaiwa taarifa za namba mbili. Moja haikuwa na akaunti. Kwa ya pili walitoa vitu viwili: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho ilipogusa seva. Kingine hawakuwa nacho.

Ujenzi huo umefika hadi kwenye kengele ya simu. Desemba 2023 seneta Ron Wyden wa Marekani alifichua kwamba serikali zimekuwa zikiomba kwa Apple na Google taarifa za arifa zinazopita kwenye seva zao. Kwa Signal, arifa inayopita huko ni tupu. Huiamsha programu tu, nayo huenda yenyewe kuchukua meseji na kuifungua ndani ya simu yako.

Sasa tundu lenyewe. Akaunti haifunguki bila namba ya simu, na namba hiyo lazima ipokee tarakimu za uthibitisho, kwa kawaida kwa SMS. SMS hiyo haijasimbwa. Kampuni ya simu inaiona ikipita, kwa hiyo inajua umejiunga Signal, ingawa haijui unazungumza na nani. Tanzania laini imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA; Kenya kwa kitambulisho. Anayetafuta kutojulikana kabisa, hata na mtandao wake wa simu, amekosea duka.

Ubaya wa kutegemea SMS ulionekana Agosti 2022, pale Twilio, kampuni iliyokuwa ikisafirisha tarakimu hizo, ilipoingiliwa. Watumiaji wapatao 1,900 wa Signal waliguswa. Waliovamia walizitafuta namba tatu mahususi, na mwenye mojawapo akaripoti kwamba akaunti yake ilisajiliwa upya mahali pengine. Meseji zake za zamani hawakuzipata kwa sababu hukaa kwenye simu, si kwenye seva. Ila kuanzia hapo mvamizi anaweza kuandika na kupokea kwa jina la mwenzie. Kwetu huku jambo hilo halihitaji hata kuvamia kampuni: mtu akibadilishiwa laini kwa ujanja dukani, aliyeishika laini mpya ndiye hupokea SMS.

Dawa ni kufuli la usajili, nalo haliji limewashwa. Ingia Mipangilio, kisha Akaunti, uliwashe. Tangu hapo mwenye SMS peke yake hapiti, atadaiwa PIN ya Signal pia. PIN hiyo inaweza kuwa na herufi, na inafaa iwe nazo. Usitumie mwaka wa kuzaliwa, na tafadhali isiwe ile ya M-Pesa. Kufuli lina mpaka wake: akaunti ikikaa siku 7 bila kutumika, linafunguka lenyewe. Ndiyo maana kutupa laini ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Namba iliyoachwa hufungwa na baadaye kugawiwa mtu mwingine, naye akijiunga Signal, meseji za shangazi yako zitamfikia yeye. Kabla ya kuiacha laini, ingia Akaunti, chagua kubadilisha namba, weka mpya. Hiyo mpya ndiyo itakayopokea SMS, na makundi yako yote yanabaki. Kama huhitaji tena Signal, futa akaunti badala ya kuondoa programu tu. Kuondoa programu hakufuti akaunti.

Tangu Februari 2024 kuna jina la mtumiaji, na hili limepunguza tundu kwa kiasi kikubwa. Unatunga jina linaloishia na nukta na tarakimu zisizopungua mbili, unampa mtu hilo badala ya namba. Wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Kwenye Faragha kuna mipangilio miwili ya namba: nani anaiona, na nani anaweza kukupata kwa kuitumia. Ya kwanza huja ikiwa imezimwa kwa wote. Ya pili huja wazi kwa kila mtu, maana yake yeyote aliyeihifadhi namba yako anaweza kujua kwamba uko Signal. Mwandishi wa habari, wakili au mwanaharakati aifunge. Muuza vitenge anayetafutwa na wateja aiache.

Kosa jingine linalojirudia liko kwenye vifaa vilivyounganishwa. Signal inaruhusu kuunganisha kompyuta kwa kupiga picha msimbo wa QR, na kifaa kilichounganishwa hupokea kila kitu sawasawa na simu. Februari 2025 watafiti wa usalama wa Google walieleza jinsi wadukuzi wenye mwelekeo wa Urusi walivyowanasa watu kwa misimbo ya QR iliyojifanya mialiko ya makundi. Hakuna usimbaji uliovunjwa. Mtu alifungua mwenyewe. Kwa hiyo pitia orodha ya vifaa vilivyounganishwa mara kwa mara, na usichokitambua kiondoe. Usiunganishe kompyuta ya ofisi inayotumiwa na watu watatu.

Na kuna wanadamu. Machi 2025 mshauri wa usalama wa taifa wa Marekani, Mike Waltz, alimwingiza mhariri wa The Atlantic, Jeffrey Goldberg, kwenye kundi la Signal lililokuwa likipanga mashambulizi ya Yemen. Watu wakasema Signal imevuja. Haikuvuja: aliyealikwa alisoma, kama ilivyokusudiwa programu ifanye. Kundi likiwa na mambo mazito, wape wasimamizi peke yao ruhusa ya kuongeza watu, na hakikini namba ya usalama, yaani tarakimu 60 zinazopaswa kufanana kwenye simu yako na ya mwenzio, ana kwa ana kama inawezekana. Ikitokea taarifa kwamba namba ya usalama ya mtu imebadilika, mara nyingi kanunua simu mpya. Muulize, lakini si kwa meseji ndani ya mazungumzo hayohayo.

Meseji zinazojifuta weka wiki 4 kama kiwango cha kawaida, fupisha pale panapohitaji. Saa ya mpokeaji huanza kuhesabu akishasoma, si ulipotuma. Haimzuii kupiga picha kioo kwa simu ya pili. Kwenye arifa chagua zisionyeshe jina wala maneno, maana siri nyingi husomwa na aliyekaa kiti cha jirani kwenye daladala kabla hazijasomwa na mdukuzi yeyote.

Kwa mfuko: vifurushi vya WhatsApp pekee haviifungui Signal, inakula bando la kawaida. Zima upakuaji wa video wa kujiendesha ukiwa nje ya WiFi, na washa matumizi madogo ya data kwenye simu za sauti.

Mtandao wote ukizimwa, kama Uganda Januari 2021 au Tanzania Oktoba 2025, Signal inakufa pamoja na wengine. Pale panapozuiwa Signal peke yake kuna njia mbili. Kuna mpangilio wa kukwepa uzuiaji, ulioanzia kwa watu wa Misri na Falme za Kiarabu mwaka 2016 na baadaye kufika Oman na Qatar. Pia kuna seva ya kupitishia: ndugu aliye Ulaya au Marekani mwenye ujuzi kidogo anakodi seva ndogo yenye jina la kikoa, anafungua milango ya 80 na 443, anaweka programu ambayo Signal yenyewe imeitoa, kisha anakutumia kiungo. Kiungo kitumwe mapema, si siku ya tukio.

Nakala rudufu ilikuwa aibu ya programu hii kwa miaka mingi: simu ikizama, historia imezama nayo. Septemba 2025 ilianzishwa, kwanza kwa Android, nakala iliyosimbwa kwenye seva zao. Bure unapata megabaiti 100 za maandishi na picha za siku 45 zilizopita. Ukitaka gigabaiti 100 ni dola 1.99 kwa mwezi. Ufunguo wake ni wa herufi na tarakimu 64, na ukiupoteza hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Uandike kwenye karatasi, uuweke na hati za kiwanja.

Anayelipia haya yote ni taasisi isiyo ya faida iliyoanzishwa 2018 kwa dola milioni 50 za Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp, na michango. Mwaka 2023 walikadiria gharama kufika dola milioni 50 kwa mwaka ifikapo 2025. SMS za usajili pekee, zilezile zilizo tundu, zilikuwa zikila takriban milioni 6.